Mimi Niliona Buluu, Ami Aliona Mweusi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni katika ukumbi wa skuli moja hapa Wete, Pemba, mbele ya walimu, wavuvi, wakulima wa mabondeni na vijana. Wengi waliotaka kuja walizuiwa na mvua, ndiyo maana nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Nilizipiga mwenyewe, na hamkukosa kitu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha mliopo, walimu wenzangu, wazee wangu, akina mama mliokuja moja kwa moja kutoka bondeni na tope bado miguuni, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema: nakushukuruni.

Niliombwa nizungumze juu ya mazingira. Nikasema hilo sitaliweza. Ni neno pana mno, na mimi nikipewa bahari nzima sijui nianzie wapi kutia jembe. Nikaomba niachiwe nizungumze juu ya ndege mmoja. Ndege mmoja, asubuhi moja, mto mmoja, na watu wawili waliomwona.

Kabla sijaanza, nani hapa amewahi kumwona mdiria? Inueni mikono. Sita. Nani amewahi kumsikia? Wawili. Sasa sikilizeni. Ndege mwenye kichwa cha kijivu, mgongo na mbawa za buluu, mdomo mrefu mwekundu kuliko mwili wake unavyostahili, anayekaa peke yake juu ya mti wa mkoko, halafu anapiga kelele kama mtu aliyeangusha sarafu juu ya sinia: inaanza moja, moja, moja, kisha zinamwagika zote. Nani amewahi kumsikia huyo?

Mmeona? Sasa mikono imejaa ukumbi. Kumbe sote tunamjua, tulikuwa tunakosa jina tu.

Huyo ndiye mdiria wa mikoko. Wapo wanaowaita ndege wa namna hii detepwani, na sina ugomvi na jina hilo. Wala sikuja kumwuza kuwa ni ndege wa ajabu. Pemba tunao ndege wanne ambao hawapatikani pengine popote duniani: ninga wetu, bundi wetu mdogo, chozi wetu, na kile kidege cha manjano chenye duara jeupe machoni. Watu wanapanda ndege za chuma kutoka Ulaya waje Ngezi wakeshe msituni wamsikilize yule bundi. Mdiria si katika hao. Yuko pwani ya Kenya, yuko Bara, yuko Msumbiji mpaka Afrika Kusini. Hajakaribia kutoweka. Hakuna atakayekuja kukulipeni ili mmwoneshe. Na ndiyo maana nimemchagua.

Basi twende mtoni.

Mto wetu mnaujua. Ni mto kwa heshima tu. Kiangazi mtu mzima anavua makubadhi anauvuka, na maji hayafiki gotini. Unatoka chini ya vilima vya mikarafuu, unapita katikati ya bonde la mpunga, unaingia chini ya kalvati la barabara, na baada ya hapo unabadilika tabia. Maji yanakuwa ya chumvi, kingo zinakuwa tope, mikoko inaanza, na mto unageuka hori, yaani mkono wa bahari. Mtu wa bondeni na mtu wa pwani wanautaja mto mmoja kwa namna mbili kama kwamba ni mito miwili.

Nilikwenda na Ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Amepita miaka 70. Maisha yake yote alikuwa mkata boriti za mikoko, mpaka magoti yalipomkatalia. Nilipomwambia twende tukatazame ndege, alinitazama kama niliyemwambia twende tukahesabu mawe.

"Ndege anatazamwa?"

"Anatazamwa, Ami."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Akafikiri. "Haya. Chukua chai."

Tukaondoka baada ya sala ya Alfajiri. Mimi nimeazima darubini, nina daftari, nina kalamu mbili. Ami ana panga, kwa mazoea, na muhogo wa kuchemsha ndani ya kikapu. Nikamwambia tujifiche tukae, ndege atakuja. Akauliza, atakuja saa ngapi? Nikasema ndege hana saa. Ami akacheka. Akasema: "Ana saa. Saa yake ni hiyo hapo," akaonesha maji kwa kidole cha mguu.

Walimu wenzangu, hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa.

Ilikuwa siku ya bamvua. Nyinyi wavuvi hamna haja ya kuelezwa, lakini vijana wa mlangoni wasikilize. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari yetu inajaa sana na inapwa sana. Baina ya maji kujaa na maji kupwa kuna kimo cha kiasi cha mita 4. Watu wawili wakipandiana mabegani hawafiki. Na hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri, yakawa yamepwa kiasi cha saa nne asubuhi. Sasa fikirini. Mdiria wa mikoko anakula nini? Anakula kaa, anakula mijusi, panzi, visamaki. Lakini kaa ndio chakula chake cha pwani. Kaa yuko wapi maji yakijaa? Yuko shimoni. Atatoka lini? Tope likifunuka. Mimi nilifika na daftari kumsubiri ndege. Ami alifika kulisubiri tope.

"Mpaka ule mzizi wa tatu uonekane wote," alisema. "Kabla ya hapo kunywa chai."

Tukanywa chai. Mara ya kwanza ndege alipita mzizi wa pili ukiwa bado majini, akatua mbele yangu kabisa, nami nikanyanyua darubini, na simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu anauliza ufunguo wa ghala uko wapi. Ulikuwa mfukoni mwangu. Ndege akaenda zake. Ami hakusema kitu, alimenya muhogo.

Baada ya hapo Ami akavuka ng'ambo ya pili kwa mtumbwi wa jirani. Alisema anakwenda kuangalia njia zake za zamani. Mimi nilijua amechoka na mimi. Ikawa mimi niko upande huu, jua mgongoni. Yeye yuko upande ule, jua usoni. Katikati ya hori umebaki mti mmoja wa uzio wa zamani wa kutegea samaki. Shikeni hapo, nani alikaa wapi. Nitarudi.

Mzizi wa tatu ukaonekana. Vikaa vikaanza kutoka, vile vidogo vyenye gando moja kubwa, vinapungia kama vinaita daladala. Na mdiria akaja akatua juu ya ule mti wa uzio. Hakuja kwa mbwembwe. Nilipepesa macho, nilipofungua alikuwapo.

Ndugu zangu, ile buluu! Mmeiona buluu ya milango iliyopakwa rangi juzi? Ile imekufa. Mmeiona ya bahari saa sita mchana? Ile imelala. Jua lilikuwa linampiga kifuani na begani, akageuka kidogo tu, ubawa ukawaka. Nilisahau daftari. Nilisahau kuhesabu. Akajirusha chini, akagusa tope, akarudi na kaa. Akampiga kaa juu ya ule mti, kushoto, kulia, kushoto, mpaka magando yakadondoka. Akaruka, akapita juu ya hori, akaingia mikokoni. Yote hayo ni muda wa kusoma Fatiha, au chini yake.

Ami aliporudi nilimrukia. "Ami, umeiona ile buluu?"

"Buluu gani?"

"Ya yule ndege!"

"Yule ndege mweusi."

Tukabishana, mtu na ami yake, katikati ya tope. Mimi nasema buluu, yeye anasema mweusi. Mimi nina darubini, yeye ana macho ya miaka 70. Wallahi nilidhani mzee macho yameanza kumtupa. Nikawa nampangia moyoni safari ya hospitali.

Sasa niacheni nirudi nyuma kidogo, maana kuna jambo nililijua tangu mtoto na nikalisahau asubuhi ile.

Nilipokuwa na umri wa miaka 9 nilikuwa na manati. Nilimpiga ndege wa buluu pale kalvatini. Sisemi kwa fahari. Nilichukua unyoya mmoja wa bawa nikautia ndani ya juzuu yangu, kila nikifungua ukurasa unang'aa, na wenzangu wa chuo cha Kurani wanaomba kuuona kwa zamu. Mwalimu akatukamata. Nilijua zamu ya bakora imefika. Lakini yule mwalimu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuchukua ule unyoya akaunyanyua dirishani, mwanga ukapita ndani yake. Na buluu yote ikatoweka. Ukawa wa kahawia, kama jani kavu la mwembe. Akaushusha, buluu ikarudi. Akaunyanyua, ikaondoka. Akaniuliza: "Rangi imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ndiyo dhambi ya kumwua ndege. Bakora nilikula vilevile.

Jibu nilikuja kulipata nikiwa mtu mzima, na nitakupeni bure. Katika unyoya wa mdiria hamna rangi ya buluu. Hamna hata tone. Wekundu wa mdomo ni rangi ya kweli. Buluu ya kwenye unyoya ni mambo mengine. Ndani ya unyoya mna vijitundu vya hewa vidogo mno, vimepangika kwa namna ya kuirudisha buluu ya mwanga kwenye jicho la mtazamaji; chini yake mna weusi unaomeza mwanga uliobaki. Utwange kwenye kinu, hupati unga wa buluu. Mwanga ukitoka upande wako, unaona buluu. Mwanga ukitoka nyuma yake, buluu hamna.

Nani alikuwa na jua mgongoni? Mimi. Nani alikuwa na jua usoni? Ami.

Macho yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Aliuona ukweli wa upande wake.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapopapenda. Ami hakudanganywa na ile buluu, na kwa hivyo aliona mambo ambayo mimi sikuyaona. Mimi nilishughulishwa na nguo. Yeye alimtazama mwenye nguo. Aliniuliza: "Kaa amemla?"

Nikafikiri. Sikujua.

"Hakumla. Amempiga, amemvunja magando, akaondoka naye mdomoni. Mwenye njaa hula palepale. Yule amepeleka nyumbani. Ana watoto."

"Nyumbani wapi?"

"Umeona alipoingilia?"

Sikuona. Nilikuwa bado natazama mahali buluu ilipokuwa.

Ami akanichukua. Tulizama mpaka magotini, baina ya vile vijiti vya mizizi ya mchu, aina ya mkoko, vinavyochomoza topeni kama misumari, mpaka tukafika kwenye mchu mmoja mkubwa uliokufa. Mkavu, mweupe, hauna jani. Juu, kwenye tawi lililovunjika, palikuwa na tundu. Tukakaa mbali. Haukupita muda, ndege akatoka ndani ya lile tundu na akamwaga sarafu zake zote. Jamaa zake wengine huchimba nyumba kwenye kingo za mito, lakini huyu wetu hutafuta tundu la mti. Na mti wenye tundu ni mti upi? Ni mzee au ni maiti. Mti mzima, ulionyooka, wenye afya, yaani ule sisi tunaousifu, hauna nafasi ya kumpangisha mtu.

Ami akanyamaza. Kisha akaenda mpaka kwenye shina, akafuta tope kwa kiganja, akanionesha. Palikuwa na alama ya panga, mipigo miwili, iliyopishana.

"Hii yangu," alisema. "Wiki iliyopita. Nimemwekea mwanangu, kwa tanuu la chokaa. Mti umekufa, nikasema huu hauna wenyewe."

Wazee wangu, sikuleta habari hii ili kumwaibisha. Nimemwomba ruhusa, naye amekaa pale mstari wa pili, amevaa kofia ya viua, na anajifanya hasikii. Mleteni mtu mwenye haki ya kuikata kuni ile kuliko yeye! Mti umekufa, una kuni nzuri, na kila mtu atakwambia heri kukata mkavu kuliko mbichi. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi hivyo, darasani, kwa chaki. Sheria ya misitu tunayo, Namba 10 ya mwaka 1996, na mikoko imo. Lakini mwalimu ana daftari na sheria, na hajui tundu liko wapi. Mkata boriti anajua kila tundu, na hakuna aliyemwuliza.

Nasema tena: hakuna aliyemwuliza.

Tunawapeleka watoto mikokoni na kitabu cha ndege. Vizuri. Wanarudi na orodha, ndege 11, ndege 14, tunapiga makofi. Nani amewahi kumchukua na mkata boriti? Nani amemchukua mama anayepanda mpunga, ambaye kabla ya mtu yeyote kuleta kipimo alishaonja ulimi wa maji ya chumvi umefika tuta la ngapi? Mnayajua mabonde yaliyoingiliwa na bahari, wengine mnalima humo. Akina mama mlijua mwaka gani? Na wenye daftari walijua mwaka gani? Haya, msijibu, tutagombana.

Na majina. Hili nalipitia haraka kwa sababu adhana ya Magharibi imekaribia. Jina la kitaalamu la huyu ndege ni Halcyon senegaloides. Alipewa mwaka 1834. Mnajua maana ya hilo neno la pili? Ni "anayefanana na yule wa Senegali." Basi! Ndege wa mikoko yetu, mwenye mdomo mwekundu juu na chini, ameandikishwa duniani kwa kufanana na jirani, ambaye mdomo wake wa chini ni mweusi. Ni sawa na mtu kumzaa mtoto akampa jina Karibu-Sawa-na-Mtoto-wa-Pili-Nyumba-ya-Tatu. Nilimwuliza Ami, nyinyi wakata boriti kambini mlimwitaje? Akasema hawakumwita. Akaweka ulimi kwenye meno akamwiga, na ndege wa kweli akajibu kutoka ng'ambo. Mimi nina majina mawili ya huyu ndege, la kitabuni na la kitaalamu, na hata nikiyapiga kelele hageuki.

Kijana wa pale naona amenyanyua mkono. Najua unataka kuniambia habari ya ile treni ya Japani iliyochongwa pua kwa mfano wa mdomo wa mdiria. Ni kweli, nayo ni habari nzuri. Utaisimulia wewe siku yako.

Mtaniuliza, mti ule je? Mlishauzungushia uzio? Mmeweka kibao? Hapana. Ami alichukua tope akaziba zile alama mbili za panga, kama mtu anayeziba ufa wa nyumba. Nikamwambia Ami, mti umekufa, tope halitaufaa. Akasema tope si la mti. Ni la wenzake wa tanuuni: wakiona alama watadhani umeshagawanywa, watakuja kusaidia kukata.

Wakati wa kusi upepo ukauangusha. Ndiyo hivyo. Hatukukata sisi, hakukata mtu. Siku tulipokwenda ulikuwa umelala topeni, tundu limeelekea juu, limejaa maji ya mvua, na ndani yake mna kikaa. Nilihuzunika, sifichi. Ami akauzunguka mara mbili, akalipima shina kwa mikono, nikajua anahesabu mizigo ya kuni. Akaniambia: "Sasa huu naweza?"

Nikasema sijui, Ami. Akasema basi tuuache mpaka ujue.

Upo mpaka leo. Mimi bado sijajua.

Lakini sauti haikuondoka. Iko juu kidogo ya pale, upande wa kalvati, penye minazi miwili iliyokatika vichwa na minazi hiyo ina mwenyewe, naye yumo humu ukumbini. Sitamtaja. Tutazungumza nje, baina yetu, kwa adabu, kuhusu ile habari niliyoisikia kwamba anataka kuiangusha apate nafasi ya kujenga kibanda.

Kesho ni bamvua. Maji yatakuwa yamepwa kiasi cha saa nne. Tunakutana kalvatini baada ya Alfajiri. Walimu njooni bila daftari, vijana njooni na viatu ambavyo hamtavililia vikibaki topeni. Simu zizimwe, na funguo za maghala ziachwe nyumbani. Tutakaa pande zote mbili za hori, nusu huku, nusu kule. Darubini ni moja, na Ami ameshasema zamu ya mwanzo ni yake. Anataka kuiona hiyo buluu.